Kwenu Iko?

Kwetu huku upande wa Sachangwan stima haikatiki, inapotea, kama mbuzi. Na ikipotea mtu haangalii mita wala swichi. Anampigia jirani simu na kumuuliza, "Kwenu iko?" Akijibiwa kwamba haiko, anatulia, maana shida ya wote inabebeka. Ubaya ni kuambiwa iko, kwa sababu hapo umebaki peke yako.

Aliyeuliza kuliko wote ni shosho, bibi mzee wa upande wa pili wa ua wetu, mjane anayeangua vifaranga kwa mashine na kuwauza sokoni Molo. Mashine hiyo inataka stima mchana na usiku mpaka mayai yapasuke. Yakipoa katikati, ni ya kutupa. Nimewahi kumkuta ameifunika kwa blanketi la kitandani mwake, ameizungushia chupa za maji moto, anaipapasa kama mgonjwa. Upepo ukianza tu, simu yangu inalia.

"Mami, kwenu iko?"

"Haiko, shosho. Hawa watu wa stima wamelala kazini."

Ilikuwa kweli kwamba haiko. Hayo mengine nilijua ni uongo. Kando ya ua wetu baba alikuwa na safu ya mikaratusi, chini ya nyaya kabisa. Aliipanda akitumaini siku moja ataiuza iwe nguzo za stima, na kabla haijawa nguzo ikawa inazigonga nyaya kila kukivuma upepo, mtaa mzima unazimika. Mafundi walikuja na misumeno. Baba akawasimamisha langoni, akawauliza wameona wapi mtu akikata nguzo ambayo hajainunua. Wakaondoka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamwona baba mjanja kweli kweli. Kicheko hicho nikikikumbuka sasa natamani kujificha.

Majirani walipochoka, walinichagua mimi niende ofisini Nakuru kuwasemea, kwa kuwa nina mdomo. Nikakubali. Shosho akasema atanisindikiza. Alivaa koti lake la kanisani, akaketi kwenye benchi na mkoba magotini, nami nikamvamia kijana wa kaunta kwa maneno.

"Boss, huyu mathe mayai yake yameharibika mara ngapi? Mnataka akule nini?"

Kijana hakukasirika. "Madam, mafundi wanasema kuna miti inagusa laini huko kwenu. Mwenye shamba alikataa ikatwe."

"Hakuna miti kama hiyo," nikasema, na sauti yangu haikutetereka hata kidogo.

Nilipogeuka, shosho alikuwa anaufungua mkoba wake na kuufunga, anaufungua na kuufunga. Nilidhani anatafuta leso.

Wiki hiyo hiyo upepo ukavuma alasiri. Nikiwa jikoni niliona tawi likiinama, likagusa waya, cheche zikaruka, na redio ikanyamaza. Simu ikalia.

"Mami, kwenu iko?"

Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni, nimeshauzoea. Lakini macho yalikuwa kwenye lile tawi, na nikaukumbuka ule mkoba.

"Shosho, ni miti yetu," nikasema. "Ndiyo inapoteza stima."

"Najua, mami. Kutoka kwangu inaonekana vizuri."

"Na mbona hukusema? Hata siku ile Nakuru?"

"Si mimi huchota maji kwenu? Sasa ningeanzia wapi?"

Masikio yaliniwaka moto. Nilikuwa nimemburuta mpaka Nakuru aje anisikilize nikidanganya kwa jina lake, naye akavumilia kwa ajili ya mtungi wa maji. Kila alipouliza kama kwetu iko, alikuwa ananipa nafasi ya kusema ukweli, nami kila mara nilikuwa namrudishia watu wa stima.

Nilimkuta baba akinywa chai, nikamwambia maneno ya shosho jinsi alivyoyasema. Akaweka kikombe chini.

"Alisema hivyo? Ya maji?"

"Alisema hivyo."

Hakumaliza ile chai. Asubuhi aliwapigia mafundi mwenyewe, na walipofika akaingia chumbani akafunga mlango mpaka mti wa mwisho ukaanguka.

Siku hizi upepo unavuma na redio inaendelea kuongea. Juzi shosho alikuja kuchota maji, mkono mmoja mtungi, mwingine katoni yenye vifaranga wanaolia. Akampa baba.

"Hii ni asante ya stima," akasema.

Baba aliipokea kwa mikono miwili, akainama kuwatazama. Shosho akaenda akasimama kando ya bomba na mtungi wake mtupu, kama anavyofanya siku zote, akingoja mmoja wetu amwambie achote.