Abiria wa Ijumaa, Kando ya Falaji

Mke wangu ndiye aliyenifundisha kuendesha baskeli, na wakati huo nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mfanyakazi wa serikali, ninayevaa kanzu iliyopigwa pasi na kuitwa ustadhi na watu wa mtaani.

Hiyo ilikuwa Ibra, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa tumeoana karibuni tu. Yeye alizaliwa Unguja mjini na alikua akipokonyana baskeli na kaka zake. Mimi nilizaliwa bara, ndani kabisa, katika mji mdogo wa milimani ambako baba yangu alikuwa na duka. Kaka yangu aliwahi kuteremka mlima na baskeli akavunjika mguu, na tangu siku ile baba akazipiga marufuku nyumbani kwetu. Basi nilikuja Omani nikiwa najua kuendesha lori, lakini baskeli sijui. Mke wangu aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

"Hata jina lake hujui kulitamka," aliniambia. "Unasema baisikeli, kama mtu anayesoma kitabuni. Sema baskeli."

Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za barabara. Wiki nzima nilikuwa kwenye vumbi na moshi wa lami, kati ya Ibra na Mudhaibi, nikipima mahali ambapo magari yangepita kwa kasi. Yeye alisomesha skuli ya wasichana. Ijumaa ndiyo ilikuwa yetu. Tulinunua baskeli mbili Matrah, moja ya kiume na moja ya kike isiyo na chuma cha juu, tukazileta nyuma ya pikapu zikiwa zimefunikwa turubai, maana mke wangu hakutaka majirani waione yake kabla yeye mwenyewe hajajua ataifanya nini.

Nyuma ya nyumba yetu mashamba ya mitende yalianza papo hapo. Kulikuwa na vijia kati ya kuta za udongo, vyembamba, tambarare, udongo wake umekanyagwa na punda na miguu ya watu mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Pembeni ya kijia maji ya falaji yalipita katika mfereji wake, polepole, kwenda kugawiwa shamba hili na shamba lile. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, kukiwa bado na ubaridi. Yeye alikunja abaya lake akalibana kwa pini, mimi nikafunga kanzu kiunoni, akashika keria nyuma yangu na kuanza kunisukuma.

"Usitazame gurudumu, bwana! Tazama unakotaka kwenda."

"Nikitazama mbele nitaanguka."

"Ushaanguka mara ngapi kwa kutazama chini?"

Niliangukia ukutani, niliangukia kwenye majani ya mifugo yenye umande, na siku moja niliangukia juu ya mbuzi aliyelala. Mpaka Ijumaa moja nilikuwa naenda, nikimlalamikia kwamba amenishika vibaya, ndipo sauti yake ikanijibu kutoka mbele. Alikuwa juu ya baskeli yake mwenyewe, amenipita zamani kwenye upenyo wa ukuta, na mimi sikumwona.

Kuanzia hapo Ijumaa zilikuwa kama kitu nilichokuwa nakiota. Sijui niielezeje hali ile. Mitende ilikutana juu yetu, na mwanga ulishuka vipande vipande, wa kijani kwanza, kisha wa dhahabu. Magurudumu hayakuwa na kelele. Maji yalikwenda upande wetu kwa mwendo wetu, na nilipoyatazama kwa muda nilihisi kwamba mimi ndiye niliyesimama na mashamba ndiyo yanayopita. Harufu ya ndimu ilikuja, ikaondoka. Mbele yangu abaya jeusi lilijaa upepo, likazama kwenye kivuli, likatokea tena. Hatukusema neno, wala hatukuwa tumegombana.

Asubuhi moja, katika ndoto yangu hiyo, nilipita karibu mno na mfereji, na gurudumu la nyuma likabomoa ukingo wake. Maji yakaanza kumwagika njiani. Kabla sijashuka, mlango wa shamba ulifunguka akatoka bibi mzee, mwembamba, ana fimbo mkononi, anafoka kwa hasira. Kiarabu changu kilikuwa kibovu siku zile, lakini nilielewa kwamba nimemwaga maji yake, na kwamba zamu yake ya kumwagilia ilikuwa inakwisha.

"Samahani, khalti," nikasema, nikimwita mama mdogo kwa adabu ya huko.

"Samahani yako itanywesha mitende?"

Mke wangu alishuka, akavua viatu, akaingia kwenye tope. Nikamfuata. Tulikandika ukingo kwa mikono yetu huku bibi akituelekeza kwa fimbo: hapa zaidi, pale bado, nyinyi watu wa Zinjibari mmezoea mvua, hamjui maji ni nini. Maji yaliporudi njia yake alishusha fimbo. Akaizunguka baskeli yangu akiitazama, akaigonga keria kwa fimbo.

"Hiki kinabeba mtu?"

"Kinabeba, khalti," mke wangu akamjibu.

Ndipo alipotueleza. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alifika mpaka mlango wa shamba lake, basi. Mwanawe alikuwa na gari, alimpeleka hospitali, alimpeleka Sur kwa dada yake, alimpeleka popote palipo na barabara. Lakini alipotaka kwenda yeye palikuwa kule juu, maji ya falaji yanapochomoza kutoka chini ya ardhi, na huko gari halipiti.

"Ijumaa ijayo mtanipeleka," akasema. Hakuwa anauliza.

Ijumaa ile tulimkuta anatungoja mlangoni, amevaa nguo mpya ya rangi ya zabibu, na shela lake limenukia udi. Mke wangu alifunga mto juu ya keria. Tukampandisha kwa ubavu, uzito wake hauzidi wa mtoto, nami nikaanza kukokota baskeli huku mke wangu akimshika mgongo. Tulikwenda hivyo hatua chache tu.

"Mbona unakwenda kwa miguu? Umenunua farasi wa kumvuta?"

"Naogopa nisikuangushe, khalti."

"Nimezaa, nimezika. Panda!"

Nikapanda. Sikuwahi kuogopa hivyo hata kwenye lori lisilo na breki. Mkono wake ulikamata mkanda wangu, mgumu kama kamba, na nilitazama ninakotaka kwenda, mbele tu, wala sikuthubutu kutazama mahali pengine. Baada ya muda nikahisi mkono umelegea. Alikuwa anaimba kwa ndani, pumzi zaidi kuliko sauti. Kila ukuta tulioupita alimtaja mwenyewe wake, wengine wafu, wengine wamehamia Maskati, na kila mtende aliujua ulipandwa na nani.

Kule juu palikuwa na ngazi za mawe zilizoshuka mpaka majini. Tulimteremsha, mmoja huku, mmoja huku. Akanawa uso, akanywa kwa viganja, akakaa kwenye ngazi ya mwisho na kuitumbukiza miguu yake. Samaki wadogo walikuja wakaanza kuidonoa. Akacheka kwa kutekenyeka, kicheko cha msichana kabisa, na mke wangu akanitazama.

Alisema kwamba alipoletwa bibi harusi, hapo ndipo alipokuwa akichota maji na wenzake wanne. Wakichelewa makusudi. Mama mkwe akiita kutoka mbali, nao wakijifanya hawakusikia. Wenzake wote wanne walikuwa wametangulia. Alipokwisha kusema hayo aliegemea ukuta akalala.

Hatukumwamsha. Tulikaa na miguu majini, na samaki wakahamia kwetu. Maji yalitoka gizani chini ya jiwe, yakitiririka, baridi kidogo, na jua lilipanda ukutani bila sisi kulifuatilia. Nakumbuka nilifikiri kwamba sijui ni mwezi gani, na kwamba haidhuru.

Tulimpeleka hivyo Ijumaa nyingi, majira yote ya baridi. Kisha alasiri moja mwanawe akaja kwetu, mtu mpole wa umri wangu, amevaa kilemba kizuri. Alikunywa kahawa, akala tende, akaulizia afya zetu mara mbili.

"Ustadhi," akasema mwishowe, "watu wanasema. Mama yangu ana mtoto mwenye gari, na gari lina baridi ndani. Vipi anazungushwa mashambani juu ya baskeli, na wageni?"

Aibu yake ilikuwa ya haki. Mke wangu ndiye aliyemjibu, kwa Kiarabu chake cha skuli, kutoka mlangoni alikosimama na birika.

"Yaa akhi, ndugu yangu, njoo Ijumaa. Umwambie mwenyewe ateremke."

Akaja. Mama yake alikuwa tayari juu ya mto wake, na alipomwona mwanawe hakuteremka. Waliteta kwa sauti ya chini, na sikuelewa yote. Nilielewa tu neno la mwisho la mama, maana alilisema kwa nguvu: "Basi nisukume wewe!"

Mwanawe akasimama akaitazama ile baskeli. Kisha akavua viatu vyake vizuri, akavitia kwapani, akashika usukani na kuanza kukokota. Sisi tulifuata nyuma kwa mbali. Tulimsikia mama akimwonyesha mitende, na yeye mwanzo akiitika tu kwa adabu, halafu akiuliza, halafu wakibishana juu ya mtende mmoja kama ulianguka kabla au baada ya baba yake kufa. Walipofika kwenye ngazi alimbeba mikononi mpaka majini. Aligeuka akatuambia kwamba hapo ndipo alipojifunza kuogelea, na kwamba alidhani pamekwisha fukiwa.

Hakurudisha baskeli yangu siku ile mpaka jioni. Wiki ya pili alikuwa amenunua yake, keria yake pana zaidi, na mto wa kushonwa.

Hivyo tukapoteza abiria wetu. Ijumaa iliyofuata tulitoka wawili, na mwanzo tulikuwa wanyonge kidogo, tukipiga pedali kama watu waliosahau kitu nyumbani. Katikati ya mashamba tulizisikia sauti zao upande wa pili wa ukuta, mama anakaripia, mwana anacheka, kengele inalia. Tulishika breki tukasimama kimya mpaka wakapita.

"Wanakwenda juu," mke wangu akasema.

"Na sisi je?"

Alitazama njia panda. Mkono wa kushoto kulikuwa na kijia ambacho hatujawahi kukifuata, kinateremka taratibu kuelekea wadi, bonde la mto mkavu, na mvua ya juzi ilikuwa imekiacha laini. Akageuza usukani huko, akaacha baskeli iende yenyewe, miguu yake imeachana na pedali, nami nikamfuata.