Mbwa wa Milango Yote

Sijawahi kuwa mtu wa mbwa. Naanza na hilo kwa sababu wanaonijua hapa mtaani Kimbo wakisikia ni mimi niliyeleta kliniki ya wanyama ndani ya ploti, hucheka kwanza ndipo wasikilize. Kwetu magharibi mbwa alikuwa na kazi yake nami nilikuwa na yangu, na hatukuwa na mazungumzo. Nilikuja Thika kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, kiwanda kikapunguza watu, nikaangukia kazi hii ya kusimamia ploti ya mtu, ua wenye vyumba vya kupangisha. Wapangaji huniita keateka. Nafungua geti, nafungulia maji, naamua nani kamwagia nani uchafu mlangoni. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja itanibidi niamue mbwa ni wa nani.

Alikuja bila kuitwa, mvua ikinyesha, akajilaza chini ya ngazi. Rangi yake ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limekata tamaa. Mama anayepika chapati karibu na geti akampa jina. Kijana kinyozi akampa lingine. Shosho, bibi kizee wa chumba cha mwisho, akampa la Kikikuyu ambalo ulimi wangu haukuliweza. Mbwa aliitikia yote, kila mlango kwa jina lake na kwa sahani yake. Mimi nilimwita "wewe", na hilo pia aliliitikia.

Shida yake ilikuwa kuzaa. Alizaa chini ya ngazi, kisha akazaa tena nyuma ya tangi la maji, na mara zote mbili watoto wa ploti walishangilia wiki moja halafu wakasahau. Baadhi ya vibwa vilichukuliwa, vingine vilitoka getini kimoja kimoja na kuishia barabarani. Mwenye ploti, mama mmoja mtaratibu anayekuja mwisho wa mwezi, siku moja alikanyaga uchafu wao na kiatu chake cha kanisani. Hakupandisha sauti. Aliniita kando akasema, "Hii mbwa ikizaa tena, utanunua sumu na utaiwekea wewe mwenyewe. Si hiyo ndiyo kazi ya keateka?"

Nikamwambia sawa, mama. Mimi humwambia sawa mama kwa kila kitu.

Jioni nikaenda kufunga geti, na mbwa akanisindikiza kama ilivyokuwa desturi yake, hadi getini na kurudi. Nikashindwa kumwangalia. Nilijiuliza nina nini. Nimeua nyoka, nimeua panya wasio na idadi, na sijawahi kukosa usingizi. Nilikasirika kwamba nasumbuka kwa sababu ya mbwa ambaye hata si wangu.

Ndipo nikakutana na daktari. Alikuwa dukani karibu na steji ya matatu, mwanamke mfupi mwenye gambuti, akiuliza mahali penye maji, kivuli na geti linalofungika. Yeye na wenzake walizunguka na gari lao wakifunga mbwa na paka kizazi kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeiweza. Walikuwa wametoka Githurai 45, na baada ya Kimbo wangekwenda Kamenu, kule Thika, kisha waondoke pande hizi. Kanisa lilikuwa limewaahidi uwanja, lakini wazee wakafikiria mbwa na maua ya madhabahu, wakabadili nia. Nikasikia sauti ikisema kwetu kuna nafasi. Ilikuwa sauti yangu. Mwenye ploti nilimpigia simu nikiwa nimeshaahidi, naye alikubali, mradi damu isiguse kabro zake, matofali yaliyotandazwa uani.

Daktari alinipa sharti moja la kutangaza: mnyama asile chochote kuanzia jioni ya kuamkia siku yenyewe. Nikapita mlango kwa mlango. Wote walisema wameelewa. Nikamwambia kila mmoja ana kwa ana, yule mbwa wetu asipewe kitu, na kila mmoja akaitikia kwa uso wa mtu mzima.

Asubuhi sikujua niangalie wapi. Nilidhani watakuja majirani wachache. Ikaja Kimbo yote. Mbwa walikuja na wilbaro, wakaja na kamba ya kuanikia nguo, mmoja akaja amebebwa mgongoni kwa leso na mwanamume mzima. Paka walikuja ndani ya magunia na kreti za mkate, na huwezi kujua gunia lina paka wangapi mpaka ulifungue, na ukilifungua umechelewa. Watu waliniuliza maswali kana kwamba nimesomea. Mzee mmoja alitaka kujua kama dume wake akihasiwa ataendelea kubweka. Dada mmoja aliuliza kama paka anaruhusiwa kuja na dada yake. Nikajibu ndiyo kwa wote wawili, nikatafuta pa kukaa, na kiti changu kilikuwa na mbwa.

Chini ya tenti daktari alifanya kazi kimya. Waliomaliza walilazwa kwenye makatoni chini ya kamba za nguo, ndimi nje, matumbo yamenyolewa, na wenye kuamka walitembea kama watu waliotoka baa. Nilipita kati yao nikiwa na ndoo ya maji na sikukumbuka nilikuwa nampelekea nani.

Zamu yetu ilifika mchana. Msaidizi aliuliza mbwa huyu ni wa nani, na mama wa chapati, kinyozi na shosho wakajibu pamoja kwamba ni wao. Akawauliza kama amekula. Wakasema la. Akamdunga sindano ya kumtuliza.

Mbwa alisimama kidogo, akayumba, kisha akatapika juu ya kabro za mwenye ploti.

Kulikuwa na nusu chapati. Kulikuwa na omena, dagaa wa ziwani, na kwa omena tulijua mlango, wa mama anayewakaanga kila jioni. Kulikuwa na githeri ya shosho, mahindi bado mazima, na mfupa wa kuku ambao ulitoka katika chumba cha kinyozi kwa sababu hakuna mwingine aliyekula kuku siku ya kazi. Ploti yote ilikuwa imelala pale chini, chumba kwa chumba. Nilitazama ule mlo, nikawatazama wenyewe, nao wakatazama juu kwenye nguo zilizoanikwa.

Nilikasirika. Kisha wakaanza kueleza, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Kinyozi alisema alijua wengine hawatampa, ndiyo akampa yeye, kidogo tu. Mama wa omena alisema hivyo hivyo. Mama wa chapati alisema kila asubuhi mkono wake humtupia mbwa kipande, na siku hiyo mkono haukumuuliza. Shosho peke yake ndiye hakujitetea. Alisema hakuna mahali duniani mgonjwa anapelekwa kupasuliwa akiwa na njaa, kwamba yeye alipopelekwa hospitali mama yake alimpikia uji kwanza, na kama daktari huyu anapenda wanyama mbona anawanyima chakula. Hakukuwa na mtu mbaya wa kumgombeza. Kila mmoja alimpenda mbwa kuliko majirani walivyompenda, na upendo huo ndio uliokuwa pale kwenye kabro.

Daktari alisema hawezi. Mwenye tumbo lililojaa akilazwa anaweza kutapika usingizini, matapishi yakamwingia mapafuni, akafa. Kesho yake wangekuwa Kamenu, siku yao ya mwisho. Anaweza kumfanyia huko, lakini mtu mmoja ampokee sasa, amfungie ndani, na ajibu kwa ajili yake.

"Nitamleta mimi," nikasema.

"Sijauliza nani atamleta," akasema, akinawa mikono. "Dawa ya usingizi ina hatari yake. Akikosa kuamka, nimwambie nani?"

Wale watatu waliokuwa wamesema mbwa ni wao wakaanza kutazamana. Mama wa chapati alimtazama kinyozi, kinyozi akamtazama shosho, na shosho akanitazama mimi. Nikasema mimi ni keateka tu. Daktari alifunga sanduku lake.

Mbwa alilala chumbani kwangu. Sikuwa nimelala na kitu kinachopumua tangu mke wangu abaki nyumbani kulinda shamba. Mara kadhaa mtu alibisha kuuliza kama mbwa ana kiu, na kila sauti ilikuja na harufu ya chakula nyuma ya mlango. Sikufungua. Mbwa naye hakulia. Alijilaza juu ya viatu vyangu, kana kwamba hapo ndipo alipokuwa akilala miaka yote, na mimi nikakaa kitandani nikishangaa mambo yamefikaje huku.

Alfajiri jirani anayefuata mboga Thika alitubeba kwenye gari lake dogo, mimi mbele, mbwa nyuma kati ya magunia matupu. Kamenu naijua tangu enzi za kiwanda. Nilipanga chumba huko nikiwa kijana, na tulipopita mtaa ule nilitaka kumwonyesha mtu, nikageuka, na aliyekuwepo ni yeye. Nikamwonyesha.

Uwanjani foleni ilikuwa imeshaanza. Daktari aliponiona hakusalimia kwanza. Alimpapasa mbwa tumbo, akaniuliza kama amekula, nikasema hajala, na safari hii nilikuwa najua ninachosema. Akasubiri. Nilielewa anasubiri nini. Nilitazama nyuma yangu, kwa mazoea, kumtafuta mwenye mbwa, na nyuma kulikuwa na mwanamke na paka wake.

Nilifikiria sumu. Kama ningekuwa nimeiweka, nani angeambiwa? Hakuna. Angezolewa tu, na milango yote ingesikitika kwa kipimo chake, na kesho maji yangefunguliwa kama kawaida. Niligeuza uso upande wa tenti. Mzee wa miaka yangu, katikati ya watu, kwa ajili ya mbwa.

"Uniambie mimi," nikasema. "Akikosa kuamka, uniambie mimi."

Walimbeba. Nilikaa juu ya jiwe karibu na tenti na sikuwaza chochote cha maana. Kila msaidizi aliyetoka nilisimama, na kila mara alikuwa anatafuta mtu mwingine. Mwisho alitoka daktari mwenyewe, na alinitazama mimi moja kwa moja. Alisema ameanza kufumbua macho, na ananyoosha shingo kana kwamba anatafuta mtu.

Tuliporudi Kimbo wote walikuwa nje na sahani. Nikawaambia hatakula mpaka kesho. Hawakubishana. Kinyozi aliniuliza kama anaruhusiwa kumshika kichwa. Aliniuliza mimi, ruhusa, na ilinichukua muda kuelewa kwamba nasubiriwa kujibu.

Mwisho wa mwezi mwenye ploti alikuja. Mbwa alikuwa amelala mbele ya mlango wangu, tumbo likianza kuota manyoya, katikati kabisa ya njia. Mama alisimama juu yake, mkoba kifuani, akaangalia kile kidonda kilichopona.

"Na hii sasa ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. Sikuongeza neno mama. Nikangoja anifukuze kazi.

Alimtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Basi iambie isilale kwa njia," akasema, akainua sketi kidogo, akamruka.