Mahindi Tuliyoyaombea

Mvua ilipokosa misimu miwili mfululizo kwetu Kathiani, mama alisali kwa sauti kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Hakusali kama mtu anayebembeleza. Alimkumbusha Mungu. "Ulisema hutatuacha. Ulisema wewe mwenyewe, si mimi." Nilikuwa darasa la saba, na maneno hayo yalinitia hofu, kwa sababu hata baba hatukuthubutu kumkumbusha ahadi zake namna hiyo.

Kisha mvua ikaja, ikazidi. Mahindi yalikomaa na bado inanyesha, na wezi walikuwa wameanza kuingia mashambani usiku. Tukayavuna yakiwa na unyevu, tukayapukuchua na kuyatia kwenye magunia ya nailoni, sakafuni kando ya vitanda. Mama aliweka mkono juu ya gunia la kwanza akashukuru mpaka akalia. Jirani yetu, mjane aliyekuwa akisali naye siku zote, alihifadhi yake vivyo hivyo.

Baada ya muda punje zilianza kushika kuvu. Tuliziosha, tukazianika, tukazitwanga kuondoa maganda, tukapika muthokoi, tukala. Zilikuwa na uchungu kidogo. Lakini baada ya njaa ile, nani angetupa chakula?

Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyeanza kutapika. Macho yake yakawa ya manjano, tumbo likafura. Mtoto wa jirani, mvulana wa umri wake, akaugua vilevile. Wakalazwa hospitali ya Machakos, wodi moja, vitanda vimepakana. Daktari akauliza wamekula nini, mama akamweleza.

"Mahindi hayo yamekuwa sumu, mama. Msiyaguse tena."

Mama akakaa sakafuni. "Lakini ni Mungu alitupatia," alisema. Daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama na jirani walisimama katikati ya vitanda vile, wameshikana mkono, na kila mmoja mkono wake wa pili uko juu ya mtoto wake. Walisali kwa Kikamba, kwa sauti moja, wakimwambia Mungu yale aliyosema. Nilisimama mlangoni nikisikiliza, nikaamini kabisa.

Mdogo wangu alifungua macho akaomba uji. Mvulana wa jirani alifariki siku iliyofuata, mamake ameushika mguu wake.

Tuliporudi nyumbani tulichimba shimo, tukayamwaga mahindi yote humo. Kuanzia hapo mama aliwasha moto kimya. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "kwani Mungu aliwaahidi nyinyi wawili vitu tofauti?"

Aliendelea kuchochea moto. "Usiniulize mimi," akasema. "Hata mimi nauliza."

Jumapili moja kanisani, mzee wa kanisa alimwomba mama atoe ushuhuda wa mtoto aliyepona. Mama akatikisa kichwa. Mzee akaomba tena. Ndipo jirani, aliyekaa benchi moja nasi, akamwinamia.

"Simama, dada. Wako alipona. Ukinyamaza kwa ajili yangu, utakuwa umeniongezea mzigo."

Mama akasimama. "Mtoto wangu ako hai," alisema, na hakuweza kuongeza neno. Jirani akainuka, akamshika mkono, akasali yeye badala yake.

"Ulisema uko nasi. Mimi sioni. Mtoto wangu sina. Lakini ulisema, na mimi sitakuachilia mpaka unionyeshe."

Haikuwa sauti ya mtu aliyefarijika. Alikuwa anadai. Hata mzee akasahau kusema amina.

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile kuhusu uaminifu wa Mungu, na mengine yamenisaidia. Swali langu la jikoni sijajibiwa. Nikisali, nasali nalo.

Ibada ilipoisha tulipanda kilima kurudi nyumbani, mama amembeba mdogo wangu mgongoni. Mahali njia inapokuwa na mwinuko mkali, jirani alisimama.

"Nipe nimbebe kidogo."

Mama alisita, kisha akafungua leso. Jirani akamfunga mtoto mgongoni mwake, akamrusha kidogo ili akae vizuri, na akatangulia mbele yetu. Mdogo wangu akalaza shavu begani pake, akalala.