Nilimpiga mjomba picha ya mgongo: yaliyonikuta kwenye makaburi ya vita Chovai

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo nawaletea langu mwenyewe, sitii chumvi. Atakayecheka acheke, nimestahili.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mombasa. Asili yetu ni Chovai, kisiwa cha Wabajuni kule Somalia. Vita vilipoingia, mama alikimbia nami nikiwa mchanga. Kaka yake, mjomba Omari, aliuawa pamoja na wanaume wengine sita.

Waliorudi kisiwani waliyapiga lipu ya chokaa makaburi yote saba, wakachora majina kwa msumari chokaa ikiwa mbichi, wakazungushia ukuta mfupi. Ndio mnara wetu wa vita, hatuna mwingine.

Mama hajawahi kumzuru kaka yake. Sasa magoti yamekataa, boti hapandi tena. Akaniambia, "Nenda wewe, uniletee nimuone."

Nikaenda. Kiunga, Ras Kamboni, Kudhaa, mpaka Chovai, na kila kituo nafunguliwa begi la kamera.

Kufika, nikajitia bingwa. Lenzi pana, nimelala chini, jua nyuma yangu, mawingu yamejaa juu ya makaburi. Shee, mjenzi wa mashua anayepatunza pale, akaja akasimama upande wa pili, akanyanyua mikono kuomba dua.

Nikamwambia, "Kaka, sogea kidogo, waniharibia fremu."

Akasogea. Naona haya mpaka leo.

Picha zilikuwa kali, wakuu. Nilipozitupia mtandaoni laiki zilimiminika.

Mama akaitazama ile niliyoiona bora kuliko zote. Akaigeuza simu huku na huku.

"Uso wake uko wapi?"

Nikacheka. "Mama, hilo ni kaburi."

"Najua ni kaburi. Maiti hulazwa uso kibla, nawe umesimama nyuma yake. Mchu hasalimiwi mgongoni, mwanangu."

Akanirudishia simu. Hakulia, na hilo ndilo lililonichoma.

Kwa msiojua: mchu ni mtu kwa Kibajuni, na kwetu mwenye kuzuru husimama upande wa kibla, aelekee uso wa maiti, ndipo atoe salamu. Nalijua hilo tangu madrasa! Nilipoishika kamera tu, likanitoka.

Mke wangu akasema niichezee ile picha kwenye kompyuta yaishe. Nikakataa katakata. Nikaghairi harusi mbili, nikarudi njia ile ile.

Shee aliponiona: "Warudi? Picha zimezama?"

"Nilikosea pa kusimama."

"Nalikuona. Nikadhani ndivyo mnavyofunzwa mjini."

Upande wa kibla ni taabu. Ukuta uko karibu, huna pa kurudi nyuma, na mchana jua lapiga lenzini. Asubuhi mbili zikawa na mawingu. Ya tatu mwanga ukaja wa ubavuni, herufi za msumari zikajitokeza. Nikapiga nikiwa wima, kamera kwenye kimo cha mama, bila mbwembwe.

Niliporudi, mama aliiangalia. Akaomba maji, akatawadha, akajitanda mtandio, akaiegemeza simu kwenye mto.

"Asalaam aleikum, Omari. Ni mimi, nimechelewa."

Nikatoka nje nikamwachia chumba.

Nilichojifunza: ukienda kupiga makaburi ya vita, kabla hujatafuta mwanga uliza wenyewe husimama wapi. Simama hapo hapo, hata kama pana shida. Ile ya laiki nimeifuta.

Nanyi mliopoteza watu, picha zao mnazipigaje? Semeni, hata kunisuta ruksa. Ila msiniombe kuiona hiyo ya pili, ni ya mama.