Upande wa Kuume

Wifi yangu ndiye aliyeanza. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufanye maombi ya mwaka mmoja tangu mume wangu afariki, na tulikuwa jikoni kwangu Mbuya tukichambua mchele. Akasema kaka yake hawezi kuombewa na padri na sheikh, watu wapate chakula, halafu wasambae kimya kimya. Lazima wimbo wake upigwe, ule wa soul, wa yule mwanamke wa Marekani, tena kwa spika kubwa.

"Santuri yenyewe imechakaa," nikamwambia. "Inakwaruza kila mahali."

"Si siku hizi wanasafisha? Nenda kwa yule fundi Mkongo wa Wandegeya. Wewe ndiye uliyeusikia kila Jumapili miaka thelathini. Hakikisha unasikika sawa, wifi, usituaibishe."

Mimi nimeishia darasa la saba na muziki sikufundishwa na mtu. Wimbo ule niliujua kwa kuishi nao. Nilijua ni wapi mume wangu angeweka kikombe chini, wapi angefumba macho, na wapi angeanza kuimba chini ya sauti ya yule mwanamke, kwa Kiingereza ambacho nusu yake alikibuni mwenyewe. Alikuwa askari, mtu wa maneno machache. Kanisani hakuimba. Aliimba wimbo huo mmoja tu, nyumbani, akiwa na fulana.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Tangu tumzike, sauti yake ilikuwa inanitoka. Sura ninayo kwenye picha, lakini simu hakuipenda na hakuacha hata ujumbe mmoja wa kuongea. Nikilala nilijaribu kumsikia akiniita, na kila mwezi alikuwa mbali zaidi. Nilibaki na tumaini moja, kwamba nikiupata wimbo ule vizuri, naye nitampata ndani yake.

Fundi huyo ni mtu wa Bukavu. Chumba chake kiko juu ya duka la kuchapisha vitabu vya wanafunzi, na sakafu inatetemeka kidogo mashine za chini zikifanya kazi. Aliishika santuri yetu kwa kingo, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akaiosha kwa maji na brashi laini, akaikausha, akaipiga kwenye mashine yake nzuri na kuiingiza kwenye kompyuta. Kisha akaniambia wimbo huo umetolewa upya mara mbili huko nje, kila mara umesafishwa kutoka kwenye utepe wa mwanzo wa studio, na nakala zote mbili anazo.

"Mama, nitakupigia mara tatu. Sitakuambia ipi ni ipi. Wewe uhukumu."

Akanivalisha vile vya masikioni, vikubwa, vinavyofunika sikio lote.

Ule wa kwanza ulinichokoza. "Hapa wote wanapiga kelele sawasawa," nikamwambia, "kama soko mvua inapoanza. Hata anaponong'ona, ananong'ona kwa kelele."

Akacheka. "Walipandisha sauti yote juu, isikike hata kwa simu mbovu. Endelea."

Wa pili ulikuwa mzuri, na sikutaka kudanganya. Mikwaruzo ilikuwa imeondoka lakini chumba walichoimbia kilibaki. Gitaa la besi lilitembea peke yake, ukaweza kulifuata kidole kwa kidole. Na kabla ya kiitikio nilisikia kitu ambacho miaka yote sikuwahi kukisikia: yule mwanamke anavuta pumzi. Nilishtuka. Nilikuwa sijawahi kumfikiria kama mtu mwenye mapafu.

Wa tatu ulikuwa santuri yetu. Niliitambua kwa mkwaruzo wa baada ya ubeti wa pili, tak, tak, tak. Lakini hata huo haukuwa wimbo wetu. Ulikuwa unakimbia. Mwanamke alikuwa juu, mwembamba, kama amerudi usichanani. Nilijaribu kumweka mume wangu chini yake na hakukaa.

"Ipi?" fundi akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Zote tatu sizo."

Nilirudi nyumbani na hofu. Mbili zile za kwanza ningeweza kuzilaumu, kwamba wazungu wameziharibu. Lakini santuri ni ile ile, mikwaruzo ni yetu. Kama hata hiyo ni ngeni kwangu, basi kilichoharibika ni kichwa changu.

Wifi alipouliza nikamweleza. "Hata santuri yake mwenyewe umeikana?" akasema. "Basi umeshaanza kumsahau kaka yangu. Na mwaka haujaisha, kweli wewe ni mwepesi!" Alikuwa anatania, mdomo umejaa njugu. Nikacheka pia. Usiku huo sikula.

Baada ya siku nne nikarudi Wandegeya, nikamwomba fundi anipigie tena. Alipiga ule wa pili, akawa anageuza vitufe polepole akinitazama usoni. Nilikaza macho kwenye ukuta. Kisha nikamsikia, kwa mbali, kupitia vile vilivyofunika masikio yangu:

"Mama, sikiliza upande wa mume."

Sikujua amejuaje. Nikamjibu kabla sijafikiri, tena kwa sauti kubwa kama afanyavyo mtu aliyezibwa masikio: "Upande wa mume sisikii kitu! Namtafuta tangu wiki iliyopita. Hayumo!"

Fundi akasimamisha wimbo, akanivua vile vya masikioni.

"Mama, nimesema kuume. Mukono wa kuume. Huku." Akagusa sikio lake. "Kuna gitaa ndogo pale, nilitaka uisikie."

"Ah! Kulia!"

"Ninyi munasema kulia. Sisi kwetu kulia ni kazi ya macho."

Tulicheka wote wawili. Kiswahili changu nilijifunza kambini, na kambini ni kushoto, kulia, geuka. Hiyo kuume labda niliisikia kanisani nikaiacha hukohuko. Lakini fundi aliacha kucheka mapema kuliko mimi.

"Nani hayumo?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata lile la wifi, hata la kuimba na fulana. Hakunipa pole. Alikuna kidevu, akauliza kama fundi: "Hiyo gramafoni munayo bado?"

"Ipo. Iko juu ya kabati."

"Mara ya mwisho nani aliitengeneza?"

"Yeye mwenyewe. Mkanda wa ndani ulikatika, akakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Zamani, mtoto wetu wa kwanza alikuwa anatambaa."

Fundi akapiga paji lake la uso. "Tyubu ya baiskeli! Mama, ilete. Kesho ilete."

Niliifunga kwenye shuka, nikaipakata kwenye bodaboda hadi Wandegeya huku nikimgombeza dereva kila penye shimo. Fundi aliiwasha, akaweka santuri yetu, akachora alama ya chaki kwenye karatasi yake ya katikati. Akanipa saa yake nishike, nimwambie dakika ikiisha. Yeye akahesabu kwa midomo.

"Inatakiwa kuzunguka mara arobaini na tano," akasema. "Yenu inazunguka arobaini na mbili." Akahesabu tena. Arobaini na mbili. "Tyubu inateleza, Mama. Miaka hii yote mulikuwa munasikia wimbo polepole. Na ukienda polepole, sauti inashuka. Huyu mwanamke kwenu alikuwa muzito kuliko alivyozaliwa."

Akarudi kwenye kompyuta, akauchukua ule wa pili, ule msafi, akaushusha mwendo kwa kipimo kilekile. Akanivalisha tena vile vya masikioni.

Wimbo ulianza kwa kuburuta miguu. Niliujua kabla yule mwanamke hajafungua mdomo. Alipovuta pumzi, mume wangu akaingia. Sisemi niliisikia sauti yake kwenye mashine, hapana, mashine haikuwa naye. Lakini nilijua mahali pake ni wapi, na alipokaa palepale akatosha, na lile neno la kati alilikosea kama kawaida yake. Nilikuwa naye mpaka mwisho. Halafu nikaomba upigwe tena, naye akawepo tena.

Nilikuwa kama mtu aliyetua dumu la maji alilopanda nalo kilima. Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa nimekumbuka barabara, pamoja na ubovu wa mkanda wake.

Fundi akauliza ni upi mzuri wa kupiga siku ya maombi. Nikamwambia ukweli: ule wa pili, kwa mwendo wake halali. Huo wetu ni mbovu, unaburuta, na mtu mwingine akiusikia atadhani spika inakufa.

"Lakini unautaka."

"Niwekee zote mbili."

Siku ya maombi ilipofika, watu walipokwisha kula, tukaupiga ule mzuri. Besi ilitembea uani, hata wale askari wastaafu waliokuja na fimbo wakasimama. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya pilau. Nikagundua ninausikiliza bila kumtafuta mtu ndani yake. Gitaa lile dogo la upande wa kuume lilikuwepo kweli, linacheka peke yake pembeni. Kwa mara ya kwanza ulikuwa wimbo tu, na ulikuwa wimbo mtamu.

Wifi alinijia huku anacheza. "Ndio huo? Mbona mwepesi hivi? Kaka alikuwa akiuimba kizito!"

"Huu ni wa yule mwanamke mwenyewe," nikamwambia. "Wa kaka yako uko ndani, wa tyubu ya baiskeli. Watu wakiondoka nitakupigia."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyelewa, akaona siachi kucheka. Akaninyang'anya sahani, akaiweka dirishani, akanivuta kwa mkono tukaingia katikati ya watu.