Ulimi wa Shamsia mwezi wa mfungo

AMBATOLOAKA, Nosy Be, Ramadhani 1213 Hijria. Saa tatu asubuhi mvua imekatika, na Shamsia binti Atumani amechuchumaa chini ya mti wa hintsy akivunja uyoga, mmoja baada ya mwingine. Anautegea sikio zaidi kuliko anavyoutazama.

"Sikia," anasema. Shina linakatika kwa mlio mkavu, kama muhogo ulioanikwa juani. Halina uzi hata mmoja.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na kitu ndiye anayetegemewa hapa kujua uyoga upi uliwe na upi uachwe. Amefanya kazi hii tangu alipoolewa huku akitokea Mahajanga. Waliomfundisha ni wanawake wa Kisakalava, wenyeji wa kisiwa hiki, ambao huuita uyoga olatra na wanaujua msitu kama wanavyolijua jiko lao. Nyumbani Shamsia husali na kupanga bei kwa maneno ya wazee wake wa pwani. Msituni ni Kisakalava tu.

Kazi yenyewe haina uganga. Uyoga wenye vijino chini ya kofia, vilivyopangana kama meno ya chanuo, anautia kapuni bila maswali. Wenye maziwa anaukwaruza kwa kucha, anangoja. Maziwa yakigeuka manjano anautupa, yakigeuka kahawia anauchukua. Wenye pete shingoni na mfuko mguuni haugusi kabisa.

"Huo hauonjwi wala hauchezewi," anasema. "Umeshazika watu."

Tabu iko kwa huu unaokatika. Ule mtamu na ule mkali hufanana kama pacha, hasa mvua ikishaiosha rangi. Njia ni moja tu: unatafuna kipande kama punje ya mchele, unatema. Kikiwasha, kofia yote haifai. Na sasa ni mwaka wa pili Ramadhani inaangukia katikati ya mvua.

Mwaka jana Shamsia, kwa kuichunga funga yake, aliuchagua kwa macho. Akaukausha, akaupeleka Mahajanga kwa binti yake Rukia, ambaye ndiye muuzaji. Sahani ya kwanza, kama ilivyo desturi yao, ilikwenda kwa Kadija, dada yake Shamsia wa tumbo moja. Nyumba nzima ya Kadija ilitapika siku mbili. Hakufa mtu, lakini tangu hapo kila sahani anayopelekewa Kadija hurudi vilevile ilivyofunikwa.

"Afadhali angenitukana," anasema Shamsia, akijifuta mikono kwa leso. "Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, sembuse ya dada yako irudi haikufunuliwa. Iliniuma, mwanangu. Inaniuma mpaka leo."

Sokoni nako habari zilifika haraka. Kapu la uyoga mkavu lililokuwa likimpa Rukia pishi sita za mchele, sasa humpa mbili, na hizo akibahatika.

Mwaka huu walipata njia. Soamena, jirani yake Msakalava, hafungi. Shamsia anavunja, Soamena anaonja. "Tsara," anasema Soamena ukiwa mzuri, na kapu linajaa. Wiki mbili mambo yamekwenda sawasawa.

Leo ni Alhamisi. Katika ukoo wa Soamena Alhamisi ni fady, mwiko: kitu cha msituni hakiingii mdomoni. Amekuja kubeba kapu tu. Anamwambia Shamsia, ambaye humwita zoky, yaani mkubwa wake, kwamba kesho ataonja hata mia. Lakini chombo cha Mahajanga kinaondoka kesho alfajiri, hakuna kingine kabla ya Idi, na uyoga lazima ushinde juu ya moto leo ili ukauke.

Mwandishi wa habari hii, aliye safarini na hakufunga, anajitolea kuonja. Shamsia anamwangalia juu mpaka chini, anacheka.

"Ulimi wako siujui."

Mwalimu wa msikiti alikwishamruhusu: mwenye haja anaonja na kutema, kama afanyavyo mpishi. Shamsia hajaitumia ruhusa hiyo hata siku moja. Anaeleza kwamba ule mkali ukigusa ulimi mate yanafurika, na mtu humeza kabla hajajua. Tangu aanze kufunga hajawahi kuiharibu siku kwa mkono wake mwenyewe, na jambo hilo analionea fahari bila kuficha.

Anazihesabu kofia. Sitini na tatu. Angeweza kuzimwaga zote hapa na kupeleka wenye vijino peke yake, ambao leo haujazi hata kitako cha kapu. Anaivuta ya kwanza karibu. Kisha anamega kipande, anatafuna, anatema. Anamega kingine.

Kofia ya kumi na tisa inamtoa machozi. Anakohoa, anashika koo.

"Imeingia," anasema polepole.

Soamena anamshika bega. Shamsia anafumba macho kidogo, halafu anachukua kofia ya ishirini.

"Siku nitailipa kwa siku, baada ya Idi," anasema. "Matumbo ya watoto wa dada yangu nitayalipa kwa nini?"

Anazimaliza zote. Saba zinatupwa, hamsini na sita zinaingia kapuni, na wanawake wawili wanaanza kushuka kwenda kuwasha moto.

Njiani Shamsia anaeleza maagizo atakayompa nahodha amfikishie Rukia. Fungu la kwanza lisiuzwe. Lipikwe, liende kwa Kadija kabla ya futari, na Rukia asitoe maelezo yoyote. Aweke sahani, aage, aondoke.

"Nitangoja chombo kirudi," anasema. "Nikiambiwa sahani ilirudi na kitu ndani, hata tende moja, basi dada yangu amekula."