Siku Jua Lilipopatwa Uani Kwetu

Nilikuwa bado mtoto, darasa la saba, mwaka ule jua lilipopatwa mchana. Tuliishi Gerezani, kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa baba, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma, na kelele za mafundi wa magari zikituingilia tangu asubuhi hadi magharibi. Mwaka huo alirudi nyumbani shangazi yangu Rukia, kitinda mimba wa bibi. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na kwetu mwanamke huenda kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake.

Shangazi aliacha shule mapema, lakini ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa jioni. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Alijilaza kwenye jamvi, daftari langu la sayansi ameliegemeza tumboni, akaniuliza swali moja moja. Kani ni nini. Sauti husafiri upesi wapi, hewani au kwenye chuma. Kwa nini tunaona radi kabla ya kusikia ngurumo. Nikikosea alinisomea jibu polepole, kisha akalirudia kimoyomoyo, kwa faida yake mwenyewe. Siku moja alinituma nikagonge bomba la maji mbele ya nyumba kwa jiwe, naye akatega sikio kwenye bomba lilelile kule uani, ahakikishe. Nilipomrudia alikuwa anacheka peke yake.

Redio ilipotangaza kwamba Jumamosi jua litapatwa, bibi alimwita shangazi chumbani. Mwenye mimba, alisema, hatoki nje jua likipatwa, hashiki kisu wala sindano, na kivuli kile kisimguse tumbo. Kikimgusa, mtoto huzaliwa na mdomo uliokatwa. Bibi hakusema kwa kutisha. Alisema kama anavyomwambia mtu asiache mlango wazi usiku.

Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini na jibu langu mdomoni. Mwalimu alikuwa ametuchorea ubaoni: jua, mwezi, dunia, na mstari mmoja ulionyooka. Nilisubiri bibi aondoke, nikamwambia shangazi kwamba ni kivuli tu, kama cha mti au cha mtu anayepita.

Jumamosi ile, saa sita kasoro, bibi aliingia chumbani kwake kuswali swala ya kupatwa kwa jua. Shangazi alikuwa amefungiwa chumba cha kati, dirisha limezibwa kwa kanga. Nje mwanga ulikuwa umeanza kunyauka, vivuli vimekuwa vikali na vya ajabu. Nilikuwa nimechukua bakuli la plastiki lenye matundu, la kuchujia mboga, nikaliinua juani kama mwalimu alivyotuelekeza tufanye badala ya kulitazama jua lenyewe. Sakafuni, kila tundu lilitoa jua dogo lililomegwa. Ilikuwa kama miezi michanga arobaini imetawanyika kwenye saruji.

Sikutaka kuliona jambo lile peke yangu. Nikaenda kumfungulia.

"Tatu, una hakika?" aliniuliza.

"Mwalimu amesema, shangazi. Ni kivuli."

Akatoka. Alisimama katikati ya uani, nami nikaliinua bakuli juu, na ile miezi ikamshukia mabegani, mikononi, na tumboni juu ya kanga. Alikinga kiganja, ikatulia pale, akaitazama kwa furaha ambayo sijaisahau. Sidhani tulimaliza dakika tano.

Bibi alitokea mlangoni akiwa bado na mtandio wa swala. Hakupiga kelele. Aliuvua ule mtandio, akamfunika shangazi tumbo, akamrudisha ndani amemshika mkono. Kwangu alisema neno moja tu, niliweke bakuli chini.

Mtoto alizaliwa baada ya miezi miwili, wa kiume. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani. Alipojaribu kunyonya, maziwa yalitoka kwenye mpasuko ule. Nilichungulia mara moja nikakimbilia chooni nikalia, na kuanzia saa ile mchoro wote wa mwalimu ukafutika kichwani mwangu. Niliamini kila neno la bibi. Niliamini kwamba nimemkata mtoto kwa mikono yangu.

Bibi hakuwahi kunilaumu. Ndiye aliyemlea yule mtoto wiki za mwanzo, akimkamulia maziwa ya mama yake kwenye kikombe na kumdondoshea kwa kijiko kidogo, tone baada ya tone, usiku na mchana.

Siku ya saba alikuja mama mkwe wa shangazi. Alimtazama mtoto, akamrudisha mikononi mwa bibi, akauliza huyu binti yenu alifanya nini akiwa na mimba. Nilikuwa mlangoni mwa sebule na sinia la glasi za juisi. Bibi aliniangalia, kisha akatazama chini.

"Nilitoka mwenyewe," shangazi akasema. "Mama alinikataza, nikatoka."

Nami nikaweka sinia mezani, nikaondoka.

Mume wake, aliyekuwa na duka la vipuri mtaa wa pili tu kutoka kwetu, alianza kuja mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Kwao walisema mwanamke asiyemsikia mama yake hatamsikia mume. Mtoto alipofanyiwa upasuaji, mdomo ukaungana vizuri na akaanza kucheka kama watoto wengine, talaka ilikuwa imeshaletwa. Mtihani nilifaulu.

Leo mimi ni mwalimu wa fizikia. Nikiwa chuoni, rafiki aliyesomea uuguzi alinionyesha kwenye kitabu chake kwamba mdomo wa mtoto huungana ndani ya miezi miwili au mitatu ya mwanzo ya mimba. Siku ile uani, mdomo wa yule mtoto ulikuwa umeshakuwa vile alivyozaliwa nao. Nilitoka mbio hadi Kariakoo, dukani anakouza vitenge shangazi, nikamweleza nikiwa bado nahema.

Aliendelea kukunja kitenge.

"Daktari aliyemshona aliniambia zamani," alisema.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wakwe zake. Akasema aliwaambia, wakamjibu kwamba daktari hakuwepo uani.

Nikamwomba msamaha. Sikuomba kwa ajili ya bakuli, niliomba kwa ajili ya ile siku ya saba.

"Ulikuwa mtoto," akasema, akamgeukia mteja.

Ni kweli nilikuwa mtoto. Lakini sijui mpaka leo kama nilinyamaza kwa woga, au kwa kuwa nami nilikuwa nimeshaamini. Wanafunzi wangu wakifika mada ya mwanga na vivuli, hakosi mmoja wa kuuliza kama kupatwa kwa jua kunamdhuru mja mzito. Nawajibu kwamba hakuna madhara, na wanaandika. Lile ninalolijua zaidi halimo kwenye mada: kwamba jibu nililokuwa nalo lilitosha kumtoa shangazi yangu nje, na sebuleni, lilipohitajika, sikulitamka.